Waliotega Sikio Angani

Tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin akiwa bado yumo ndani ya chombo chake Vostok, shirika la habari la TASS lilitangaza kwamba raia wa Muungano wa Kisovyeti yuko angani. Tangazo hilohilo likataja masafa ya redio yake: megahezi 9.019, 20.006 na 143.625. Hii ni dola iliyolificha jina la mhandisi wake mkuu wa roketi, Sergei Korolev, mpaka alipokufa 1966. Ndiyo pia iliyosema roketi imeruka kutoka Baikonur, ilhali kiwanja chenyewe kiko Tyuratam, kilomita zaidi ya 300 kutoka mji uliokuwa ukiitwa hivyo. Lakini pa kumsikilizia rubani wake, ilimwambia kila mwenye redio duniani.

Haukuwa ukarimu. Moscow ilitaka mashahidi, na hakuna shahidi aliye bora kuliko mgeni asiyelipwa, aliyejikalia chumbani kwake Ulaya au Amerika akasikia kwa sikio lake mwenyewe. Tena hata kama wangetaka kuficha, wasingeweza sana. Mawimbi ya megahezi mia na kitu hunyooka kama mstari. Chombo kilicho kilomita 300 juu kinasikika katika eneo lenye upana wa kilomita karibu 4,000, na anayesema huko juu anasema na wote walio chini yake, awe amewakusudia au hakuwakusudia. Uwazi huo haukupangwa na mtu. Kwa miaka zaidi ya ishirini ulikuwa mwanya wa wadukizi. Ulipoanza kuzibwa, wanaanga wenyewe wakafungua mwingine.

1957: mlio kabla ya sauti

Waliomtafuta Gagarin redioni hawakuanza siku hiyo. Miezi kadhaa kabla ya Sputnik ya kwanza kurushwa, 4 Oktoba 1957, jarida la Kisovyeti liitwalo Radio lilikuwa limekwisha kuwaeleza wasomaji wake namna ya kutengeneza vipokezi vya masafa ya karibu na megahezi 20 na 40. Wamarekani nao walikuwa wamejenga vituo vyao vya Minitrack kwa megahezi 108, masafa waliyoyapanga kwa setilaiti yao wenyewe. Kwa hiyo usiku ule mitambo ya serikali yenye gharama kubwa ilibaki kiziwi, huku mtu mwenye redio ya masafa mafupi sebuleni akisikia bip-bip bila taabu.

Uchaguzi wa megahezi 20.005 ulikuwa wa kijanja. Kwenye 20 kamili, kituo cha Marekani cha WWV kilikuwa kikirusha alama za saa usiku na mchana. Ukishakipata hicho, unasogeza kitasa kidogo tu, na Sputnik hiyo hapo.

Wasikilizaji waligundua haraka kwamba mlio haukai mahali pamoja. Setilaiti ikija hupanda kidogo, ikienda hushuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa linapokupita barabarani. Katika maabara ya Applied Physics Laboratory huko Maryland, William Guier na George Weiffenbach walipima mabadiliko hayo wakapata njia nzima ya setilaiti. Baadaye wakaombwa waligeuze swali: ikiwa njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji yuko wapi? Kutoka hapo ukazaliwa mfumo wa Transit wa kuongozea manowari, mtangulizi wa GPS tuliyo nayo leo kwenye simu. Waendesha redio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu bila biashara, waliondoka na faida ndogo zaidi lakini ya kudumu: kwa redio, saa na karatasi, mtu wa kawaida anaweza kujua chombo cha dola kubwa kinapita wapi.

Desemba 1961 wakawa na chombo chao wenyewe. Kikundi cha California kilitengeneza OSCAR 1, kikaipandisha kama mzigo wa ziada kwenye roketi ya Jeshi la Anga la Marekani. Kwa siku zipatazo 22 ilirudia herufi mbili za Morse, HI, salamu ambayo waendesha redio huitumia pia kama kicheko.

1961–1964: kutoka Turin hadi Tunguu

Marubani wa Vostok walikuwa na majina ya redioni. Gagarin alikuwa Kedr, yaani mwerezi. Valentina Tereshkova, aliyeruka Juni 1963, alikuwa Chaika, shakwe. Kituo cha chini kiliitwa Zarya, alfajiri. Mtu asiyejua Kirusi hata neno moja aliweza kuyatambua majina hayo katikati ya mikwaruzo.

Tatizo la kusikia nusu ya mambo ni kwamba nusu ya pili hujazwa na mawazo. Nje ya mji wa Turin, Italia, ndugu wawili, Achille na Giovanni Battista Judica-Cordiglia, walijenga kituo cha kusikilizia walichokiita Torre Bert. Walinasa mawimbi ya Sputnik, na umahiri wao wa ufundi si wa kubezwa. Lakini walidai pia kuwa wamenasa sauti za wanaanga wa Kisovyeti waliokufa angani kwa siri, akiwemo mwanamke aliyekuwa akiungua chombo kikirudi. Nyaraka za Kirusi zilizofunguliwa miaka ya baadaye hazikuonyesha safari hizo, na wanahistoria wengi wa anga hawazikubali rekodi zao kuwa ushahidi. Hata hivyo uvumi ule ulipata pa kuota mizizi. Valentin Bondarenko, mwanaanga mwanafunzi, aliungua Machi 1961 ndani ya chumba cha majaribio hapa hapa ardhini, akafa, na habari zake zikafichwa mpaka 1986. Serikali inayoficha kifo kimoja ina kazi ngumu kukanusha vingine vitano.

Wamarekani walikuwa na shida nyingine. Redio za vyombo vyao vya Mercury nazo zilihitaji kuonana na kituo, kwa hiyo wakatandaza mnyororo wa vituo kuzunguka dunia: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano nchini Nigeria, kisha Zanzibar, meli katika Bahari ya Hindi, halafu Australia. Kituo cha Zanzibar kilikuwa Tunguu, mwendo mfupi kutoka Mjini. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipovuka Afrika akielekea kwenye machweo yake ya kwanza ya angani, waliozungumza naye walikuwa Unguja. Wanasiasa wengi wa visiwani hawakukipenda kituo hicho. Waliona kimewaingiza katika ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kikafungwa mwaka huohuo na mitambo ikaondolewa.

1966: darasa la fizikia la Kettering

Geoffrey Perry alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wavulana ya Kettering, mji wa viwanda vya viatu katikati ya Uingereza. Mwenzake wa kemia, Derek Slater, alikuwa mwendesha redio wa ridhaa. Walianza kusikiliza setilaiti za Kisovyeti ili wanafunzi wapate mfano hai wa somo. Redio moja, saa ya kupimia sekunde, ramani ya dunia: vifaa vyote vilienea mezani. Mtoto wa shule aliandika dakika mlio ulipoanza, dakika ulipokatika, na jinsi ulivyopanda na kushuka. Kazi ilikuwa ya kuchosha, na ndiyo maana ilifaa. Ukijua setilaiti zote zinazolia kila siku, ile isiyo ya kawaida inajitokeza yenyewe.

Machi 1966 ilijitokeza Kosmos 112. Njia yake ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 72 kwa ikweta, mwinamo ambao setilaiti za Tyuratam hazikuwa nao. Oktoba ikaja Kosmos 129, kwa mwinamo mwingine. Walipoichora njia ya kila moja kurudi nyuma hadi wakati wa kuruka, mistari miwili ikakatana kaskazini mwa Urusi, karibu na mji mdogo wa Plesetsk. Muungano wa Kisovyeti ulikuwa na kiwanja cha pili cha roketi, na waliowaambia walimwengu walikuwa walimu na wanafunzi wa sekondari. Majasusi wa Marekani walikuwa wakikijua tayari kwa picha zao za siri, ila hawakuwa wamesema. Moscow yenyewe ilikikiri mwaka 1983.

Kikundi cha Kettering kikakua, kikawa na wenzake nje ya nchi, akiwemo Sven Grahn wa Sweden, na kikahamia pia kwenye sauti za watu. Vyombo vya Soyuz vilizungumza kwenye megahezi 121.75, jirani kabisa na masafa ya marubani wa ndege. Warusi hawakuwa na vituo vya kigeni kama vya Wamarekani. Walikuwa na ardhi yao pana na meli chache za mawasiliano baharini. Kwa hiyo mwanaanga alinyamaza kwa sehemu kubwa ya mzunguko, akaanza kusema alipokaribia anga ya nyumbani. Kwa msikilizaji wa Uingereza au Sweden hilo lilikuwa jambo la heri, kwa sababu mara nyingi chombo kilikuwa bado kinasikika kwake dakika hizo za kwanza.

1969: Kentucky, masafa yasiyowahusu

Safari za Mwezini zilikuwa mbali mno kwa mtu wa kawaida. Apollo ilirudisha sauti na picha kwa mawimbi ya zaidi ya megahezi 2,000, yakipokewa na masinia makubwa ya California, Hispania na Australia. Lakini Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walipokuwa wakitembea nje, walizungumza na chombo chao cha kutulia Mwezini kwa redio ndogo za mgongoni. Hizo hazikulengwa Duniani hata kidogo.

Huko Louisville, Kentucky, fundi na mwendesha redio Larry Baysinger alifikiri hata mnong'ono huo ungeweza kunaswa. Alijenga antena yake mwenyewe uani, akaielekeza Mwezini kwa mkono, akasikiliza megahezi 259.7. Sauti za wanaanga zikaja, dhaifu lakini zenye maneno, sekunde kadhaa kabla ya zile za televisheni zilizokuwa zikizungushwa kupitia Houston. Swali lililomvuta lilikuwa la kiraia kuliko la kiufundi: je, wanayotuambia serikalini ndiyo yote? Aliyoyasikia yalilingana na yaliyotangazwa. Mwandishi wa gazeti la mji wake aliyekuwepo akaandika habari, na jambo likaishia hapo kwa miaka mingi.

1983: mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa

Aprili 1983 chombo cha Challenger kilipandisha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa TDRS. Haikuzungumziwa sana mitaani, lakini nadhani hakuna tukio lililobadilisha mambo kuliko hilo. Tangu hapo, hatua kwa hatua, mwanaanga wa Marekani hakulazimika kusema na ardhi iliyo chini yake. Sauti ilielekezwa juu, kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 kutoka Duniani, nayo ikaiteremsha New Mexico. Mnyororo wa vituo ukaanza kukosa kazi. Wapenzi wa vyombo vya Marekani wakabaki na dakika za kuruka na kutua, au wakategemea klabu ya redio ya kituo cha Goddard, WA3NAN, iliyokuwa ikirusha upya mazungumzo ya NASA kwenye masafa mafupi.

Miezi saba baadaye, 28 Novemba 1983, Columbia iliruka na Owen Garriott. Alikuwa mhandisi wa umeme mwenye leseni ya redio tangu ujana, na alama yake ya mwito ilikuwa W5LFL. Safari yake ya kwanza, kwenye kituo cha Skylab mwaka 1973, pendekezo la kupeleka redio ya ridhaa lilikataliwa. Safari hii NASA ilikubali, kwa sharti kwamba aitumie saa zake za mapumziko. Kifaa chenyewe kilikuwa redio ya mkononi ya wati chache, na antena ya kubandika dirishani.

Maelfu walikuwa wakingoja. Garriott alisema kwa dakika, akanyamaza dakika nyingine asikilize, na kila aliponyamaza bara zima lilimwitikia kwa pamoja. Kukaa kuandika kusingewezekana, kwa hiyo alikuwa na kinasa sauti, na majina mengi yalitolewa kwenye kanda baada ya kurudi. Waliofanikiwa kujibizana naye walikuwa wapatao 250. Mmoja ni Mfalme Hussein wa Jordan, JY1, mwingine Seneta Barry Goldwater wa Arizona, K7UGA. Wengi walikuwa watu wasiojulikana nje ya mtaa wao. Redio ya ridhaa ina adabu hiyo: mfalme naye hutaja herufi zake, akasubiri zamu.

Kwa miaka ishirini na miwili watu wa ardhini walikuwa wakidukiza. Sasa kulikuwa na mtu juu anayewatafuta. Mwaka 1985 Tony England akaongeza picha zilizotumwa taratibu kwa sauti ya redio. Januari 1986 Challenger ikapasuka na watu saba, na redio hizo hazikuruka tena na Wamarekani mpaka Desemba 1990.

1988–2001: majirani wa Mir

Pengo hilo lilijazwa na Warusi. Mwishoni mwa 1988, Vladimir Titov na Musa Manarov walifungua redio ya ridhaa kwenye kituo cha Mir, kwa alama za U1MIR na U2MIR, baada ya juhudi za waendesha redio wa Moscow waliokuwa na Leonid Labutin. Tofauti na Columbia, Mir haikuwa safari ya siku kumi. Wakazi wake walikaa miezi sita, mwaka, wakachoka, wakataka mtu wa kuongea naye asiye bosi wao.

Ndiyo hali iliyomkuta Sergei Krikalev, U5MIR. Alipanda Mei 1991 akiwa raia wa Muungano wa Kisovyeti, mzaliwa wa Leningrad. Fedha zikakatika, ratiba zikapanguliwa, akaombwa abaki zaidi. Septemba mji wake ukarudishiwa jina la St. Petersburg, Desemba nchi yake ikakoma kuwapo. Alishuka Kazakhstan 25 Machi 1992 baada ya siku 311. Katika kipindi hicho alizungumza na waendesha redio wa nchi nyingi, akiwemo mwalimu Margaret Iaquinto wa Australia, aliyemtumia ujumbe wa maandishi kwa redio na kumpa habari za ulimwengu kama zilivyoandikwa nje ya Moscow. Mir ilipita juu ya nyumba ya Iaquinto hata nyakati ambazo Moscow haikuwa na mawasiliano nayo.

Lakini udukizi haukufa. Wakati Krikalev akiongea na majirani kwenye megahezi 145.55, kazi rasmi ya Mir iliendelea kwenye 143.625, masafa yaleyale ya Gagarin. Mholanzi Chris van den Berg, aliyejua Kirusi, alisikiliza kila kituo kilipopita Ulaya na kuandika taarifa za kile alichosikia. Moto ulipowaka ndani ya Mir Februari 1997, na chombo cha mizigo cha Progress kilipokigonga kituo Juni ya mwaka huo, watu wa aina yake walikuwa wakifuatilia wanaanga wakihangaikia umeme na hewa bila kupitia msemaji yeyote. Mir ilishushwa Pasifiki 23 Machi 2001.

Tangu 2000: megahezi 145.800

Mwaka 1996, wawakilishi wa waendesha redio kutoka nchi kadhaa walikutana Houston wakaunda ushirika wa ARISS, ili kituo kipya cha anga cha kimataifa kisiwe na redio ya Kirusi huku na ya Kimarekani kule. Vifaa vilipelekwa na Atlantis Septemba 2000, kabla hata wakazi wa kwanza hawajafika. Novemba wakafika watatu, na mmoja wao alikuwa Krikalev. Tarehe 21 Desemba, kamanda Bill Shepherd alijibu maswali ya wanafunzi wa shule ya Luther Burbank karibu na Chicago. Kufikia 2016 mazungumzo ya namna hiyo yalikuwa yamepita 1,000.

Miaka iliyofuata ilikuwa na vituko vyake. Februari 2006 wanaanga walisukuma nje vazi kuukuu la Kirusi la kutokea angani, Orlan, lililowekwa redio na sauti za watoto. Liliitwa SuitSat, na mawimbi yake yakawa hafifu kiasi kwamba wengi waliishia kusikia mikwaruzo. Oktoba 2008 akapanda Richard Garriott, akasema na watu wa ardhini kwa redio kama baba yake alivyofanya miaka 25 kabla.

Gharama ya kusikiliza imeanguka. Redio za mkononi za Kichina wanazotumia walinzi na waongoza misafara ya harusi hupokea megahezi 145.800, masafa ya redio ya kituo, bila kubadilishwa chochote, na tangu 2012 kidude cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta kimegeuzwa kuwa kipokezi cha kila kitu. Kurusha mawimbi kunataka leseni. Ukibonyeza kitufe bila hiyo umevunja sheria, na huenda umeharibu zamu ya shule fulani.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kituo hupita mara chache kwa siku, kila mara chini ya dakika kumi na moja. Saa za wakazi wake ni zile za Greenwich, kwa hiyo wanakuwa macho kuanzia saa tatu asubuhi yetu hadi kama saa sita na nusu usiku. Weka 145.800 mtindo wa FM. Kikichomoza kitasikika juu kidogo ya hapo, kikizama chini kidogo. Siku ambayo shule ya kusini mwa Afrika ina zamu, msikilizaji wa Mbeya anaweza kulipata karibu zungumzo lote upande wa mwanaanga. Wanafunzi hatawasikia: wao wanarusha kwa masafa mengine, nyuma ya mviringo wa dunia. Wazoefu huitafuta mapema orodha ya maswali, ambayo ARISS huitangaza kabla ya zungumzo, wakaiweka mezani na kutia alama kila jibu linapopita.